Dodoso lisilo na mfalme

Ukisoma makaratasi ya miradi utadhani Mlingotini, pwani ya Bagamoyo, kuna kitu kimoja tu kilichokithiri, nacho ni umaskini. Mwani haujakithiri, maji yamepata joto na mwani unaoza kambani. Samaki hawajakithiri. Fidia ndiyo kabisa. Ila umaskini umekithiri, umepindukia, umetopea, na kila baada ya muda hushuka mtu kwenye gari jeupe, kishikwambi mkononi, kuja kuupima umefikia wapi. Akimaliza anarudi Dar es Salaam kwa barabara ya Kerege na Mapinga, kuta za tofali kulia, kuta za tofali kushoto, na ndani ya kuta hizo minazi na mikorosho iliyopandwa na babu za hao aliotoka kuwapima. Kuta hazimo kwenye dodoso. Dodoso linauliza choo.

Sina ugomvi na kijana wa kishikwambi. Naye anatafuta riziki. Ugomvi wangu ni na lugha aliyotumwa nayo. Maneno ya kuuita ufukara wa mwisho tuliletewa kwa Kiingereza, majirani zetu wa kusini wakaletewa kwa Kireno, kisha sote tukayatafsiri tukidhani tumeelimika. Yana ufundi mmoja wa ajabu maneno hayo: humweleza aliyenyang'anywa mpaka sufuria zake, na aliyenyang'anya hayamgusi hata kwa kivumishi.

Tuanze na mahali neno lenyewe lilikopatia cheo. Ni hapo jirani, Nairobi, Septemba 1973, katika jumba la mikutano la KICC ambalo rangi yake ilikuwa bado mbichi. Robert McNamara, Rais wa Benki ya Dunia, aliwahutubia mawaziri wa fedha na magavana wa benki kuu waliotoka kila pembe. Ndiye McNamara yule aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani mabomu yalipokuwa yakimiminwa Vietnam. Siku ile alitenga umaskini wa namna mbili. Kuna wa kulinganisha, wa mtu kuwa na kidogo kuliko mwenzake. Na kuna ule alioupa jina la absolute poverty, wa maradhi, wa kutojua kusoma, wa mwili usioshiba, usiohitaji kulinganishwa na chochote. Wajumbe wakapiga makofi, neno likapanda ndege.

Angalia kilichofanyika pale. Umaskini wa kulinganisha una watu wawili ndani yake: huwezi kusema fulani ana kidogo kuliko mwenzake bila kumtaja huyo mwenzake. Ule wa pili una mtu mmoja tu. Amekaa peke yake mkekani, hana jirani, hana tajiri, hana historia, ana upungufu. Haki ya McNamara nimpe: hotuba ile ile iliwataja wakulima wadogo, ikagusa na mageuzi ya umilikaji wa ardhi. Lakini neno lilisafiri peke yake. Mageuzi ya ardhi yalibaki Nairobi.

Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa ukaandika lengo lake la kwanza la milenia, kuhusu umaskini wa kupindukia na njaa, nasi tukatafsiri. Novemba 2001 nchi yenyewe ikafutiwa sehemu ya madeni baada ya kuthibitisha, kwa mitihani ya miaka, kwamba inastahili kuitwa nchi maskini yenye madeni makubwa. Ikaja MKURABITA, mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, mwaka 2004, ikaja MKUKUTA, mkakati wa kukuza uchumi na kupunguza umaskini, mwaka 2005. Kisha tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia ikatutangaza kuwa nchi ya kipato cha kati, ngazi ya chini, kwa kuwa pato la kila kichwa lilikuwa limefika dola 1,080 na mlango wa kuingilia ulikuwa dola 1,036. Huko Mlingotini ilikuwa Jumatano kama Jumatano nyingine.

Mstari wenyewe wa Benki ya Dunia wa kupimia umaskini uliokithiri hautulii. Ulikuwa dola 1.25 kwa siku, ukawa 1.90 mwaka 2015, ukawa 2.15 mwaka 2022, na Juni 2025 ukapandishwa hadi dola 3. Wachumi wana sababu zao za bei na takwimu mpya, na sababu hizo si za uongo. Ila fikiria: mamilioni ya watu walilala hawajakithiri wakaamka wamekithiri, na hakuna aliyepoteza hata kuku. Wa kwetu ni vilevile. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa mahitaji ya msingi kwenye Sh 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na wa chakula kwenye Sh 33,748. Asilimia 26.4 ya watu wa Bara walikuwa chini ya mstari wa kwanza, asilimia 8 chini ya wa pili. Hao wa chini ya mstari wa pili ndio waliokithiri. Gawanya kwa siku 30 upate kama Sh 1,125. Mwenye Sh 1,200 kwa siku, basi, ni maskini wa kawaida tu, salamu zimfikie.

Bagamoyo inayajua haya kuliko wilaya nyingi, maana hapa ndipo tulipojaribiwa kwanza. Januari 2010 TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ilianza kulipa ruzuku ya majaribio Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji 80 viliingizwa kwenye jaribio, 40 vipewe na 40 vitazamwe, ili wataalamu walinganishe. Mtoto alihesabiwa dola 3 kwa mwezi, mzee aliyefika miaka 60 dola 6, malipo kila baada ya miezi miwili, kwa masharti ya shule na kliniki. Agosti 2012 Rais Kikwete, mtoto wa Msoga, mzaliwa wa wilaya hii, akauzindua mpango wa nchi nzima. Baadaye ukafikia kaya zaidi ya milioni moja.

Sibezi. Matokeo ya jaribio yalichapishwa na yanaeleweka: kaya zilizopewa zilikata bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, siku za kuugua zikapungua, watoto wakavaa viatu, kuku na mbuzi wakaongezeka uani. Kiatu cha mtoto si kitu cha kudharau. Anayekidharau hajawahi kukanyaga mchanga wa saa saba mchana. Pesa ile iendelee kutoka, iongezwe, na ifike kwa wakati. Msije mkasema mwandishi wa makala hii amewaombea mabibi wa Zinga na Kiromo wanyimwe chao.

Lakini sikilizeni lugha inayoibeba. Mpango unaitwa wa Kunusuru Kaya Maskini. Kunusuru na nini? Ukimnusuru mtu pana simba, pana moto, pana mto uliofurika. Katika mpango huu simba hatajwi, anatajwa aliyenusuriwa tu, tena kwa namba ya utambulisho. Anayepewa anaitwa mlengwa. Akiondolewa kwenye orodha kwa kuwa hali yake imeonekana nzuri, anaitwa amehitimu, kana kwamba njaa ilikuwa chuo na yeye ameshindwa tu kukumbuka alijaza fomu ya kujiunga lini. Mwaka 2016 tukasikia za kaya hewa, nazo, tofauti na kaya za nyama na damu, ziliweza kupokea bila kuulizwa choo.

Na kabla ya yote hayo, mkutano wa kijiji. Watu wanakaa chini ya mwembe, majina yanatajwa hadharani, nani hohehahe zaidi ya nani. Waliobuni utaratibu huo wanauita ushirikishwaji, nami naelewa nia yao: ukiuacha kwa mwenyekiti peke yake, orodha itajaa shemeji zake. Lakini wamewauliza watu wa pwani sitara ni nini? Hapa mtu hupika maji jikoni moshi ukaonekana ili jirani asijue kwamba leo hakuna. Mtu huyo huyo tumemsimamisha mbele ya kijiji kizima athibitishe kwamba leo hakuna, na kesho, na mwaka ujao.

Waingereza wana uzoefu wa jambo hili. Sheria yao ya mwaka 1697 iliwataka wanaopokea msaada wa parokia washone begani herufi P ya kitambaa chekundu au cha buluu, wao pamoja na wake na watoto wao. P ya pauper. Lile halikuwa neno la hali, lilikuwa neno la daraja la kisheria: fukara aliyeandikishwa. Mwaka 1834 wakaja na sheria nyingine, ya nyumba za kazi, iliyojengwa juu ya kanuni kwamba anayesaidiwa lazima aishi vibaya kuliko kibarua maskini kabisa aliye nje, asije akazoea. Ardhi za pamoja ambazo wazee wa hao hao walikuwa wakichungia zilikuwa zimeshazungushiwa uzio kwa sheria za Bunge, moja baada ya nyingine. Herufi P haikushonwa kwenye uzio.

Kireno nacho kina mkasa wake, na mkasa huo unatuhusu. Neno letu maskini, tulilolipokea kwa Waarabu, lilivuka pia kwenda Rasi ya Iberia enzi za Waislamu wa Andalusi. Wareno wakalichukua, wakalitamka mesquinho. Leo ukimwita mtu mesquinho kule Lisbon hujamwambia kwamba hana kitu. Umemwambia ni bahili, ana roho ndogo, mtu wa visa vidogo vidogo. Neno lilipanda jahazi likiwa na njaa, likashuka likiwa na tabia mbaya. Ukitaka kujua ustaarabu ulilala vipi na maskini wake, tazama ulivyoligeuza jina lake kuwa tusi.

Na waliolifanya neno kuwa tabia waliifanya tabia kuwa kosa. Mwaka 1899 Ureno ilitunga kanuni ya kazi kwa wenyeji wa makoloni yake, ikisema mwenyeji ana wajibu wa kisheria na wa kimaadili kufanya kazi, na asiyefanya atalazimishwa. Msumbiji wakaijua kanuni hiyo kwa jina la chibalo. Mtu alikuwa na shamba, ana mtumbwi, ana watoto, lakini kwa kuwa kazi yake ilikuwa ya kwake, alihesabiwa mvivu. Uhuru ulipopatikana na miaka ikapita, serikali ya Msumbiji ikaja kutunga mpango wa kupunguza pobreza absoluta, mwaka 2001, kifupi chake PARPA, na kwa miaka kumi ya Rais Guebuza maneno hayo mawili hayakukosekana kwenye hotuba. Ni lile lile la Nairobi, limebadilishiwa kanzu. Wakati hotuba zikisomwa, ilipatikana gesi Cabo Delgado, kule ambako Wamwani wanasema lugha unayoweza kuifuata nusu ukitokea Mtwara. Wavuvi wa Quitupo wakahamishwa, wakajengewa nyumba za mistari Quitunda, wakiiacha pwani. Katika takwimu wote wana mabati sasa. Mabati yanahesabika, bahari uliyoondolewa haina kisanduku cha kuweka alama ya vema.

Brazil angalau walifanya ukali. Neno lao la ufukara wa mwisho ni miséria, neno lenye kilio ndani yake, na mwaka 2011 Rais Dilma Rousseff akalitia kwenye jina la mpango wa serikali bila kuona haya, mpango uliojengwa juu ya Bolsa Família ya Lula ya mwaka 2003. Ni katika Brazil na Mexico ndiko ilikotoka fikra ya ruzuku yenye masharti iliyokuja kutua Bagamoyo. Lakini hata wao walipofika kwenye hesabu waliandika reais 70 kwa mwezi, basi. Aliyekuwa ameshayasema yote ni Carolina Maria de Jesus, mwokota makaratasi wa Canindé, São Paulo, aliyeandika shajara kwenye daftari alizookota jalalani. Kitabu chake kikatoka mwaka 1960. Hakuitaja njaa kwa mstari. Aliipa rangi, manjano, na aliwataja wanasiasa wanaokuja kwenye mabanda yao wakati wa kura. Hakuna dodoso lililomfikia.

Sasa nirudi nyumbani, maana pwani hii haikungoja Nairobi kujua tofauti ya maskini na maskini. Muulize mwalimu yeyote wa madrasa kati ya Kaole na Saadani. Aya ya zaka katika sura ya Tawba inataja makundi manane, na mawili ya kwanza ni mafukara na maskini, kila moja kwa jina lake. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yetu, walikaa wakalipima: anayehitaji kumi na hapati hata nusu yake ni fakiri, anayehitaji kumi akapata saba au nane ni maskini. Kumi ya nani? Ya kwake. Ya mtu huyo, kwa watoto wake, katika mji wake. Mstari wa Kishafi haukuchorwa na mtu asiyejua bei ya muhogo Magomeni ya Bagamoyo. Na apewe nini? Fundi apewe kiasi cha kununua zana za ufundi wake, mfanyabiashara apewe mtaji, ili asirudi tena kuomba. Wekeni hilo kando ya dola 6 za mzee.

Ushahidi wao kwamba maskini ni mtu mwenye chochote ndio unaonisisimua, kwa sababu ni kisa cha watu wa baharini. Katika sura ya Kahf, Nabii Musa anasafiri na yule mja mwema ambaye wazee wetu humwita Khidhri. Wanapanda chombo, na Khidhri anakitoboa. Musa anahamaki. Baadaye anaelezwa: chombo kile kilikuwa cha maskini wanaofanya kazi baharini. Kwa hiyo, wakasema wanazuoni, maskini anaweza kuwa na chombo. Tukaishia hapo, kwenye fikihi ya nani apewe zaka. Lakini kisa hakiishii hapo! Kimetobolewa kwa nini? Kwa sababu mbele yao palikuwa na mfalme aliyekuwa akichukua kila chombo kwa nguvu. Hilo ndilo lililofichwa na lugha ya miradi. Umetajwa umaskini, na katika pumzi hiyo hiyo ametajwa mfalme. Maskini wa kisa kile hana upungufu wa dola. Ana chombo, ana kazi, ana bahari, na ana mfalme.

Nisijifanye kwamba Kiswahili cha zamani kilikuwa malaika. Mji huu huu wa Bagamoyo, wakati misafara ya pembe na ya watu waliofungwa minyororo ilipoteremka hapa kutoka bara, ulikuwa na neno muungwana na neno mshenzi, na mpagazi aliyebeba pembe kutoka Unyanyembe aliangukia kwenye la pili, hata kama nyuma alikuwa na ng'ombe zaidi ya yule aliyemwita hivyo. Tulijua kuficha unyang'anyi ndani ya jina kabla mtu yeyote hajatufundisha.

Wafalme wa ukanda huu wa leo wana tarehe. Machi 2013 alikuja Rais Xi Jinping, makubaliano ya bandari ya Bagamoyo yakatiwa saini, kampuni ya China Merchants ikatajwa, mfuko wa serikali ya Oman ukatajwa, dola bilioni 10 zikaimbwa hadi redioni. Oktoba 2015 likawekwa jiwe la msingi. Juni 2019 Rais Magufuli akasema masharti ya mkataba ule angeyakubali mwendawazimu tu. Juni 2021 Rais Samia akatangaza kwamba mazungumzo yanafufuliwa. Katika miaka yote hiyo mtu wa Pande na wa Mlingotini alikuwa wapi? Alikuwa ameshafanyiwa tathmini, minazi yake imehesabiwa, ameambiwa eneo ni la mradi, asiendeleze, angoje. Sheria za Ardhi za 1999 zinasema fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Basi akangoja. Bati likatoboka, hakubadilisha, kwa kuwa amekatazwa kuendeleza. Kisha anakuja kijana wa kishikwambi, anainua macho, anaona bati lililotoboka, anaandika: hali ya paa, mbaya. Kaya inaingia kwenye umaskini uliokithiri. Katazo lililomfanya asiezeke limetoka ofisi ya serikali, na dodoso linalomhurumia kwa kutoezeka limetoka ofisi ya serikali!

Vuka Ruvu uende Makurunge. Kulikuwa na ranchi iliyoitwa RAZABA, Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo. Ilipozorota, watu wakalima, wakachunga, wakachoma mkaa, wakazaliana. Mwaka 2013 hati ya zaidi ya hekta 20,000 ikatolewa kwa mradi wa miwa wenye mizizi Sweden. Mradi ukafa wafadhili walipojitoa, hati ikafutwa, na sehemu ya ardhi ikaenda kwa mradi mwingine wa sukari, safari hii wa mwekezaji wa hapa hapa. Sina neno na sukari, nakunywa chai. Neno langu ni hili: aliyeishi pale miaka ishirini anaitwa mvamizi, na aliyefika jana na hati anaitwa mwekezaji. Mvamizi akiondolewa anageuka mlengwa. Maneno matatu, watu wawili, na mwenendo wote wa mali umepita katikati bila kutajwa.

Uvinje, kitongoji cha wavuvi ndani ya kijiji cha Saadani, wamevutana kwa miaka mingi na mipaka ya hifadhi inayojisifu kuwa ndiyo pekee nchini inayokutana na bahari. Watalii huandikiwa kwamba hapa tembo hukanyaga ufukwe. Anayekanyaga ufukwe huo tangu kwa babu yake, ili ashushe ngalawa, huandikiwa barua. Na mwani nilioanza nao? Mwanamke anasubiri bamvua, maji yakipwa anaingia, anafunga vitawi kambani akiwa ameinama mgongo hadi maji yanapojaa tena. Kinachokamuliwa humo, karajinani, huenda kwenye dawa ya meno na aiskrimu za watu wasiojua Bagamoyo iko wapi. Bei anapangiwa. Yeye atapimwa, mpanga bei hapimwi.

Nao wafalme si wageni peke yao, tuwe wakweli. Wamo wenyeviti wa vijiji waliouza kiwanja kimoja kwa watu watatu. Wamo wajomba waliouza shamba la mirathi wajane wakiwa edani. Wamo wakubwa wa Dar es Salaam walionunua ekari Mapinga kabla lami haijatangazwa, kwa sababu wao walijua itatangazwa.

Najua jibu linalokuja: mwandishi, maneno hayashibishi, waache watu wapewe hela yao. Aisee. Ofisini ni neno ndilo linaloamua faili liende mlango upi. Likiandikwa umaskini, faili linakwenda ustawi wa jamii na TASAF. Anatoka mama na elfu ishirini, au na nasaha. Likiandikwa unyang'anyi, faili linakwenda Baraza la Ardhi, kwa wakili, mahakamani, na huko anaulizwa mtu mwingine kabisa, yule mwenye kuta. Wanaojua tofauti ya milango hiyo ndio wanaopenda sana neno umaskini. Ni neno lisilo na mshitakiwa.

Wengine watanikumbusha kwamba tulikuwa na Magufuli, rais wa wanyonge. Ndiyo, na hata MKURABITA ilikuwa ya wanyonge kwa jina. Mnyonge ni neno lililokaribia kusema kweli, kwani mtu hunyongeka mbele ya mwenye nguvu. Kisha likapandishwa jukwaani, likapigiwa vigelegele, likawa sifa. Watu wakaanza kujivunia unyonge. Aliyewanyongesha akapiga makofi pamoja nao, mstari wa mbele.

Kiswahili hakijapungukiwa kitu. Kina fukarisha, kina filisi, kina dhulumu, kina pokonya, kina nyang'anya, vitenzi vyenye mtendaji, vinavyomlazimisha msemaji ajibu nani kafanya. Waandishi wa ripoti wanavijua. Wanachagua nomino kwa sababu nomino haiulizi.

Basi nawaambia waheshimiwa madiwani wa Bagamoyo na wa Chalinze, na nyinyi wa TASAF mnaposahihisha dodoso lenu: ongezeni ukurasa mmoja. Kaya hii ilikuwa na ekari ngapi mwaka 2000? Ina ngapi leo? Zilizopungua zimekwenda kwa nani, kwa barua ya nani, kwa bei gani, na fidia ililipwa au haikulipwa? Ilikuwa ikivua wapi, na nani ameizuia? Msiogope jibu, wenyewe wanayo majina kwa moyo. Wameyakariri kuliko namba za simu.

Na kwa kuwa majina ya maskini husomwa hadharani chini ya mwembe, mkutano huo huo uendelee nusu saa. Msisimame. Mtendaji alete daftari la pili, asome kwa sauti ile ile, kuanzia Mapinga hadi Mto Wami: jina la kila mwenye hati ya zaidi ya ekari kumi, tarehe aliyoipata, kiasi alicholipa, na jina la aliyehama.